Diski za harusi upande wa wanawake, na ile reki ya mbele ya CPU

Mimi kazi yangu kurikodi harusi upande wa wanawake. Wa hapa Unguja mnajua hali ilivyo ukumbini, watu wameshavua mabuibui, nywele zimetengenezwa, hina na piko mpaka viwikoni, mtu kaja na gauni kalishona kwa usiku ule tu, na wote wamekaa kwa raha zao kwa sababu wanajua aliyeshika kamera ni mwanamke mwenzao na wanaume hawaingii. Sasa harusi ikimalizika ile video inakwenda wapi? Inaingia kwenye kompyuta, na kompyuta inakaa chumba ambacho anaingia kaka, anaingia mtoto wa jirani anataka kuprinti barua, na ikiharibika anaitwa fundi anakuja kuichukua anaondoka nayo siku tatu nne na kila kitu kimo ndani.

Hapo ndo roho yangu haitulii. Ile ni amana. Kwa hiyo leo naandika kuhusu kitu kidogo ambacho nakipenda sana na naona wenzangu wengi wa kazi hii hawanacho, reki ya hard disk, yaani ile diski inayohifadhi kila kitu cha kompyuta, reki inayokaa mbele ya CPU kwenye nafasi ya CD. Unafungua kimlango, unasukuma diski ndani, unafunga, inasoma. Ukimaliza kazi unaitoa kwa mkono unaiweka kabatini kwa ufunguo. Hakuna bisibisi, hakuna kulaza CPU chini na kufungua ubavu wake na kupapasa waya gizani.

Mama mmoja alikuja kwangu kuulizia bei kwa ajili ya harusi ya bintiye, tukakubaliana vizuri tu, kisha akanyamaza kidogo akaniuliza, "Mwanangu, picha za wanangu zitakaa wapi?" Nikamwambia, "Njoo uone mama." Nikabonyeza kishikio diski ikatoka, nikamuonesha kibandiko kina jina la mwenye harusi na tarehe, nikamuonesha kabati. Akaishika akaigeuza. Hakusema kitu chengine, akatoa advansi palepale. Maneno mengi ya kuwaahidi watu kwamba video ni siri hayafiki pale ilipofika ile diski mkononi mwake.

Haya, tuje kwenye kitu chenyewe. Nafasi ya CD kwenye CPU kubwa inaitwa ya inchi 5.25, na hard disk ya kawaida ya kompyuta ya mezani ni ya inchi 3.5, kwa hiyo inaingia ndani yake na inabaki nafasi ya kuta za reki na feni ndogo kule nyuma. Kabla hujanunua tizama CPU yako kwanza. Hizi mpya za vioo nyingi hazina tena hiyo nafasi, na zile ndogo za ofisini zinazokuja zimeshatumika nje zina CD nyembamba ya laptopu, reki hii haiingii. Lakini zile kubwa za zamani za ofisini, zile nzito nzito, nyingi zinayo, na mimi kwa kazi hii nazipenda hizo kuliko mpya.

Reki zipo za aina mbili. Kuna zenye trei, unaifunga diski kwenye trei kwa skrubu nne halafu trei ndo inayoingia na kutoka, na kuna zisizo na trei ambazo diski inaingia yenyewe tupu. Za trei zinashika diski vizuri, haitikisiki, na nyingi zina kifunguo kidogo pembeni, ila kile kifunguo msikitegemee jamani, ni cha kumzuia mtoto asivute tu, mara nyingi kinachofungua reki moja kinafungua na nyengine ya aina ileile. Tabu kubwa ya trei ni kwamba kila diski inataka trei yake, na trei za kampuni moja haziingii kwenye reki ya kampuni nyengine, ukija kuzitafuta baadae huzipati tena sokoni. Na skrubu zenyewe za diski ya inchi 3.5 sizo za diski ya inchi 2.5, usilazimishe utaharibu uzi. Kwa mtu mwenye diski nyingi kama sisi mimi nasema chukua isiyo na trei. Diski zinakaa kabatini zimepangwa kama kanda za VHS za zamani, unachukua unayoitaka unatia.

Watu wananiuliza kwanini nisitumie doki ya USB, ile ya kusimamisha diski juu ya meza. Inafanya kazi, sikatai, na kama CPU yako haina nafasi ya CD au unatumia laptopu ndo hiyohiyo. Lakini diski inasimama wazi huku inazunguka, mara 5400 au 7200 kwa dakika, waya wa adapta umepita mezani, mtu akiuvuta kwa bahati mbaya inaanguka ikiwa kichwa chake cha ndani kinasoma. Na kuna jambo jengine ambalo wengi hawalijui mpaka liwakute, baadhi ya doki na makasha ya USB yanabadilisha namna diski kubwa kuliko TB 2 inavyohesabiwa vipande vyake, kwa hiyo diski uliyoiformati kwenye doki ukija kuitia moja kwa moja kwenye SATA, yaani soketi ya diski ya ndani ya kompyuta, kompyuta inakwambia haina kitu, iformati. Usiiformati! Irudishe kwenye doki uliyoanza nayo, kopi vitu vyako, ndo uianze upya. Reki ya ndani haina mchezo huo kwa sababu imeungwa kwenye SATA yenyewe, haina mkalimani katikati.

Na doki zile zenye kitufe cha kukopi diski kwa diski bila kompyuta, mimi ningependa zisikae kabisa kwenye chumba cha mtu wa harusi. Zina matundu mawili, moja ni la diski unayotoa na jengine la diski unayojaza, ukigeuza umeifuta harusi ya mtu nzima.

SATA yenyewe imetoka 2003, na kabla yake ilikuwa IDE, ule waya mpana kama utepe, pini 40, na vile vijampa, viplastiki vidogo vya kuvisha pini, vya kuchagua diski ipi ya kwanza ipi ya pili, na kuichomoa diski kompyuta ikiwa inawaka kungeweza kuiua. SATA wameitengeneza toka mwanzo iweze kuchomolewa. Ukiitizama diski yako kwa nyuma utaona sehemu mbili, fupi ina pini 7 za data na ndefu ina pini 15 za umeme, na zimepangwa ili pini za ethi zigusane kwanza kabla ya zile zinazopeleka umeme, ndo maana haipigi cheche. Lakini waya wa kawaida wa SATA ule wa ndani umepimwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 50 tu, wakati soketi ya reki imepimwa mara 500. Hii ndo sababu ukimuona mtu anaacha ubavu wa CPU wazi na anabadilisha diski kila siku kwa waya uleule, mwambie, ule waya utalegea na diski itaanza kupotea katikati ya kukopi.

Ukishaifunga reki ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka. SATA iwe kwenye AHCI, ndo namna yake yenyewe ya kufanya kazi, sio IDE ya zamani, halafu tafuta tundu uliloliunga reki uwashe hot plug, yaani ruhusa ya kuchomeka na kuchomoa kompyuta ikiwa inawaka, bodi nyingi zinayo. Bila hivyo Windows inaiona diski kama ya ndani ya kudumu, haikupi ile alama ya kuitoa kwa usalama. Na kutoa kuna adabu yake. Unafunga programu zote, unabonyeza kutoa kwa usalama, unasubiri ikubali, halafu unafungua kimlango diski inasogea kidogo tu inaachana na soketi, hapo usiivute! Ndani bado inazunguka, ukiweka kidole juu utaihisi inatetemeka na kama inakataa kugeuka. Iache nusu dakika, sauti ikipotea ndo unaitoa.

Kuhusu umeme. Pawa saplai ya zamani inaweza kuwa haina waya wa SATA wa kutosha, fundi atakupa kiunganishi cha kutoka Molex, ile plagi ya zamani ya pini nne, kwenda SATA. Kitizame kwanza. Kuna kile ambacho plastiki yake imemiminwa kipande kimoja na waya zimezama ndani, hicho ndo kinachojulikana kwa kupiga shoti ndani na kuyeyuka mpaka kuwaka moto. Chukua kile ambacho kwa nyuma kina kifuniko cha kubana na unaona kila waya umeshikwa peke yake. Tofauti ya bei ni ndogo sana. Na UPS iwepo, lile betri la kushikilia umeme ukikatika, umeme wetu mnaujua, na waliokuwepo hapa tokea Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja ilipokaa gizani, hawahitaji kuelezwa. Umeme ukikatika ghafla diski inajiokoa, yale mabamba yanayozunguka yanageuka dainamo yanatoa umeme wa kurudisha kichwa pahala pake, kitu cha ajabu mashaallah, lakini kile kichwa kinarudi kwa nguvu na haikutengenezwa ifanye hivyo kila siku jioni.

Kisha unyevu. Diski nyingi zina kitundu kidogo cha kupumulia, kimeandikwa kabisa kisizibwe, isipokuwa zile zilizojazwa gesi ya heliamu ambazo zimefungwa moja kwa moja. Kwa hiyo hewa ya masika yenye chumvi inafika ndani ijapokuwa kuna kichujio. Mimi nazitia kwenye boksi la plastiki la chakula lenye mpira kwenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Na ukitoa diski chumba cha eisi kwenda nje kwenye joto inatoa jasho, kama gilasi ya maji baridi vile, basi iache ndani ya mfuko wake wa plastiki mpaka ipate joto la nje ndo uifungue. Usiiwashe ikiwa imelowa.

Sasa kuna mtu atasema, diski ikitoka kirahisi hivyo si na mwizi nae ataitoa kirahisi? Kweli kabisa, ndo maana kila diski yangu ina nywila, natumia VeraCrypt, programu ya kufunga diski kwa nywila, kwa sababu ni ya bure na haijali Windows yako ni Home au Pro, aliye na Windows Pro atumie BitLocker iliyomo humo. Kwa asiyeijua nywila diski ile ni chuma tu. Nywila ziandike pahala pengine, sio kwenye kibandiko cha diski, nimeshaona.

Na kila harusi inakaa diski mbili. Kamera inayorikodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa, tia kamera mbili na usiku mzima wa ukumbini, huwezi kupandisha mzigo ule intaneti kwa bando. Kwa hiyo ya pili nampa dada yangu anakwenda nayo Pemba kwa boti, anaibeba mkononi kwenye mkoba wake, haiwekwi na mizigo. Kule Wete ana CPU yake ya zamani na reki kama yangu, isiyo na trei, anaitia anahakikisha inafunguka ananipigia simu. Akinambia imefunguka ndo nafuta kadi za kamera, kabla ya hapo hazifutwi hata mtu akizitaka kwa harusi ya kesho.