Nilivyofungua butiloda ya simu yangu kwa njia halali

Simu yangu ilikuwa nzima: kioo hakina ufa, betri inashika chaji. Kilichoisha ni masasisho ya usalama, kwa kuwa mtengenezaji aliacha kuyatoa kwa toleo lile. Nikaamua kuiwekea LineageOS, mfumo huria uliojengwa juu ya Android. Lakini mfumo mwingine hauingii mpaka ufungue butiloda, programu ndogo inayoamka kwanza na kukagua kama mfumo unaofuata una sahihi ya mtengenezaji.

Kabla ya kugusa chochote nilitaka kujua nafungua kufuli ipi, maana sheria hazizitazami kwa jicho moja. Kufuli ya laini huibana simu kwenye mtandao mmoja. Marekani, mwaka 2013, kuiondoa kwenye simu mpya bila idhini ya kampuni ya mtandao kulikuwa kosa. Agosti 2014 Rais Obama akasaini sheria ya kuruhusu tena. Uingereza imepiga marufuku kuuza simu zenye kufuli hiyo tangu Desemba 2021, lakini hukohuko kubadilisha IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu, ni jinai kwa sheria ya 2002. Kufuli ya akaunti, ile inayomzuia mwizi, sikuigusa, na wanaotafuta kuiruka mara nyingi hata risiti hawana. Yangu ilikuwa butiloda, kwenye simu niliyoinunua mwenyewe, na mtengenezaji ameacha njia rasmi ya kuifungua. Waranti ilikuwa imeshapita, kwa hiyo hilo halikuniumiza kichwa.

Nilihamishia picha na namba kwenye kompyuta, kwa sababu kufungua butiloda hufuta kila kilichomo. Wapo wanaolalamikia hilo; mimi naliunga mkono, kwani bila hivyo aliyeokota simu yako angeweka mfumo wake na kuchungulia mambo yako. Kisha nikagonga “Nambari ya muundo” mara 7, chaguo za wasanidi (mipangilio iliyofichwa) zikajitokeza, nikawasha “Kufungua OEM”, inayoruhusu butiloda ifunguliwe, na “Utatuzi wa USB”, inayoruhusu kompyuta kuipa simu amri. Kilichobaki kilikuwa amri fupi kutoka kwenye kompyuta na kukubali onyo kwenye simu.

Kuna simu ambazo swichi ya “Kufungua OEM” imefifia na haiwashiki. Hapo ndipo watu hukimbilia programu za kufungua “simu yoyote”, zinazokuomba kwanza uzime antivairasi. Yangu ingekuwa hivyo, ningeachana nayo. Mwaka 2015 programu hasidi iliyoitwa KeyRaider iliiba akaunti za Apple zaidi ya 225,000 kutoka kwenye vifaa vilivyoondolewa vizuizi vya mtengenezaji. Faili la LineageOS nililichukua kwenye tovuti ya mradi wenyewe, nikalinganisha hashi yake ya SHA-256, alama ndefu inayobadilika faili likichezewa, na ile iliyo kwenye tovuti kabla ya kuliingiza.

Sasa kila nikiwasha simu linatokea onyo kwamba butiloda iko wazi. Programu ya benki ilikataa kufunguka. Zipo mbinu za kuihadaa kwa kuruti simu, yaani kujipa mamlaka yote juu ya mfumo, lakini ukishampa mtu funguo za nyumba nzima, vyumba huvilindi tena. Benki nimeihamishia kwenye simu nyingine. Masasisho ya Android yanaingia, ingawa programu za chipu zilizotoka kwa mtengenezaji zimebaki za zamani. Kuifunga tena butiloda sijaifunga: kwenye simu nyingi, ukifanya hivyo juu ya mfumo usio wa mtengenezaji, simu inagoma kuwaka.