Rozela yangu ilipauka, nikaanza kutafuta kwanini

Mteja wangu mmoja alinipigia simu akaniuliza, "dada mbona choya ya safari hii imepauka hivi, umenichanganyia na ya mwaka jana?" Jamani niliumia, maana ile rozela (ndo hiyo choya, lile ganda jekundu la ua tunalolikausha kwa juisi na chai) nimeilima mwenyewe hapa hapa Dodoma, nimeichuma mwenyewe, hata kuitoa mbegu nimeitoa kwa mikono yangu mpaka kucha zikawa nyekundu wiki nzima.

Nikachukua mifuko miwili, mmoja wa shamba la juu kwenye kichanga, mwingine wa kule bondeni nyuma ya banda la mbuzi, nikapima kijiko kimoja kimoja nikamwagia maji ya moto sawa sawa. Ya juu ilitoa rangi nzito kama juisi ya zambarau, ya bondeni ikawa kama chai ya rangi uliyoongeza maji mara mbili. Mbegu ni ile ile! Msimu ni ule ule!

Sasa ile rangi ndo yenyewe tunayoisifia kila siku kwamba rozela ina antioksidanti, yaani vitu vinavyokinga dhidi ya chembe haribifu. Inaitwa anthosayanini, na kwenye rozela zipo mbili kubwa, moja ni ya kundi la delfinidini na nyingine ya sayanidini, halafu kuna vitamini C na asidi nyingine zinazoleta ule uchachu. Ukitaka kuiona kwa macho chovya punje ndogo ya magadi kwenye glasi ya juisi, ile nyekundu inageuka zambarau halafu inaelekea bluu na kijani, kwasababu anthosayanini inabadilika rangi ikikutana na magadi, ndo maana ndimu ukikamulia inang'aa zaidi. Rangi sio kila kitu, kuna antioksidanti zisizo na rangi kabisa, ila ikipauka ujue kuna kitu kikubwa kimepotea.

Mmea hautengenezi vitu hivyo kwa ajili yetu. Ni mwavuli wake. Jua likiwa kali na maji yakiwa ya kubana bana kidogo ndani ya mmea zinazalishwa chembe haribifu, na mmea unajikinga kwa kutengeneza anthosayanini na wenzake. Kule bondeni mimi nilijaza samadi ya mbuzi nikidhani naipenda mimea yangu, na mwembe wa jirani unaweka kivuli tangu saa tisa mchana, basi mimea ikanyanyuka majani mapana mazuri, watu wanapita wanasifia, kumbe naitrojeni, kile chakula cha majani kilichomo kwenye samadi, ikizidi nguvu zote zinaenda kwenye majani na kivuli kinaufanya mmea usione haja ya kujikinga. Ya juu ilikua mifupi, maua machache, ila mazito rangi. Ila msije mkaacha kumwagilia kabisa mkasema dada kasema, ukame ukizidi unapata rangi nzuri kwenye maua matatu, utauza nini? Kilo 10 za mbichi zinakupa kama kilo 1 kavu tu, kwahiyo mavuno yakishuka unaumia kweli.

Kingine ni tarehe ya kupanda. Rozela inasubiri siku ziwe fupi ndo itoe maua, na sisi huku siku zetu hazirefuki sana hata Desemba, kwahiyo haikawii kuchanua, ila ukipanda na mvua za kwanza inapata muda wa kujenga mwili. Mistari niliyochelewesha mpaka mwezi wa pili ilichanua ikiwa imefika magotini.

Halafu nikiri kosa la kuanika, hili ndo linaniuma zaidi kwasababu lilikua mikononi mwangu. Mzigo wa bondeni niliuchuma umechelewa, lile ganda jekundu linatakiwa kuchumwa kama wiki mbili tatu baada ya ua kudondoka, bado nene na ukilivunja linalia "kach", mimi nikaliacha mpaka tunda la ndani limeanza kukauka na kupasuka. Alafu mawingu yakatanda nikaogopa mvua, jua lilipotoka nikaanika haraka juu ya bati siku nne jua la utosi. Joto, mwanga na hewa ndo maadui watatu wa anthosayanini, hata ile kuchemsha saa zima jikoni inaimaliza. Ya juu niliianika kivulini kwenye chekeche za neti, hewa inapita chini na juu.

(Na kwa wanaotumia dawa za presha, rozela inashusha presha kidogo, kwahiyo muulize daktari wako kabla hujaanza kunywa kila siku.)

Yule mteja nimempelekea kilo mbili za shamba la juu bila kumdai. Bondeni msimu ujao napanda mchicha, rozela yote inahamia kichangani, samadi debe moja kwa mstari badala ya matatu, na fundi ameshaanza kunitengenezea chekeche nyingine sita.