Taa ya upepo iligoma kuzima

Jumamosi nilifunga rimu nyingine na tairi zake kwa fundi hapa Majengo, Dodoma. Kabla sijafika Kisasa, taa ya upepo wa tairi ikawaka kwenye dashibodi. Asubuhi nikapima tairi zikiwa za baridi: upepo sawasawa na kibandiko cha mlango wa dereva. Nikabonyeza kitufe cha kuseti, wapi!

Fundi umeme mmoja, mzee wa watu, akaniuliza swali moja tu: inawaka moja kwa moja, au inawaka na kuzima kwanza? Kweli, ilikuwa inawaka na kuzima kama dakika nzima ndipo itulie. Akasema hapo si upepo, gari haizipati sensa, yaani vifaa vya kupima upepo wa tairi. Kumbe kila sensa imo ndani ya rimu, kwenye valvu, na ina namba yake. Rimu za zamani ziliondoka na namba ambazo gari inazijua. Akachomeka mashine chini ya usukani, akasajili namba nne za sensa za rimu mpya, tukazunguka kidogo, taa ikazima.

Mafundi wa tairi, tafadhali mwambieni mteja mapema. Kesho naenda Singida, na taa hiyo naitegemea.