Neno "sobrino" lilivyonitoa jasho

Nilipoanza kutafsiri kwa Kiswahili barua za wafanyabiashara wa Kihispania wa karne ya 18, wenye ndugu Cádiz, bandari ya Hispania, na ndugu Veracruz, bandari ya México, nilidhani mwandiko ndio utakaonishinda. Kumbe ni neno moja: sobrino.

Kwa Mhispania, sobrino ni mtoto wa kaka au wa dada, basi. Sisi hatuendi hivyo. Mtoto wa kaka yangu ni mwanangu. Wa dada yangu ndiye mpwa. Kila nilipoandika "mpwa" nilikuwa natoa ushahidi ambao barua yenyewe haikuutoa.

Majina ya ukoo hayakunisaidia. Mke wa Kihispania habadilishi lake akiolewa, na zamani ndugu wa tumbo moja waliweza kutumia majina tofauti, mmoja akabeba la bibi. Nilipoteza karibu wiki nikidhani ndugu wawili ni washirika tu.

Nikaachana na barua, nikaenda kwenye wosia, hati za mahari na vibali vya safari. Aliyetaka kwenda Amerika aliomba kibali Casa de la Contratación, ofisi ya mfalme ya kusimamia biashara na safari za Amerika, iliyoanzishwa Sevilla 1503 na kuhamishiwa Cádiz 1717, na humo alitaja wazazi wake. Nyingi ya hati za vibali hivyo zimehifadhiwa Archivo General de Indias, hifadhi ya nyaraka iliyoko Sevilla, na sehemu yake inasomeka bure mtandaoni, katika PARES, tovuti ya hifadhi za nyaraka za Hispania.

Nilichora ukoo kwenye karatasi ya manila, wanawake kwa wino mwekundu. Hapo nikaona biashara inapita kwenye wino mwekundu! Tajiri wa México mara nyingi aliwasomesha wanawe sheria au upadri, na kwa ajili ya duka akamwita kijana wa ndugu yake kutoka milima ya Santander au nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Kijana alianza ukarani, akaaminiwa vitabu vya hesabu, mwisho akaozwa binti wa tajiri. Kwetu Pwani kuoa binamu si habari. Wao walihitaji ruhusa ya Kanisa, na waliiomba.

Siwashangai. Barua ilichukua miezi kuvuka bahari. Wakala akikuibia Veracruz, wewe wa Cádiz utajua lini? Lakini huyu, mama yake ni dada yako.

Nisipopata ushahidi, sasa naandika "mtoto wa ndugu yangu". Sobrino mmoja, wa barua ya tatu, alithibitika kuwa mpwa, nikamwita hivyo hadi harusi, kisha mkwe. Mjomba wake aliendelea kumwita sobrino mpaka kwenye wosia.