Kesho mikrobiolojia, keshokutwa jenetiki: siku moja maishani mwangu, Bukavu

Saa kumi alfajiri

Hapa kwetu Nyamugo umeme una nguvu alfajiri kuliko jioni, kwa sababu watu wamelala na majiko yamezimwa. Ndiyo maana naamka saa hizi. Meza ni yangu peke yangu na silabusi zote mbili, ya mikrobiolojia (vijidudu) na ya jenetiki (urithi), ziko wazi.

Wenzangu wengi wa L2 (mwaka wa pili) biomedikali humaliza kozi moja ndipo waguse nyingine. Tangu ratiba ya mitihani ibandikwe kwenye valve, ubao wa matangazo, nimekuwa nikizisoma pamoja, na CP wetu, kiongozi wa darasa, hanielewi. Lakini tazama sura ya leo. Mwaka 1928 Frederick Griffith alichukua pneumokoki (bakteria wa nimonia) wa aina kali, akawaua kwa joto, akawachanganya na pneumokoki hai wa aina isiyodhuru, kisha akawadunga panya. Panya wakafa, na katika damu yao akawakuta wale wakali wakiwa hai. Kuna kitu kilichokuwa kimetoka kwa wafu kikawaingia walio hai. Mwaka 1944 Avery, MacLeod na McCarty wakaonyesha kwamba kitu hicho ni DNA, kemikali inayobeba urithi. Sasa sura hii ni ya mikrobiolojia au ya jenetiki? Imo katika silabusi zote mbili, maprofesa wawili wanaifundisha, na sisi tunaikariri mara mbili kana kwamba ni habari mbili.

Saa kumi na mbili asubuhi

Foleni ya bidoni kwenye bomba la mtaa ni ndefu, nami nimebeba karatasi zangu. Mama mmoja jirani anaziangalia, halafu ananiuliza, "Mwanangu, hii dawa banatiyaka mu maji, inaua kolera kweli?"

"Inaua, mama. Lakini uache dakika makumi tatu mbele ya kunywa. Na kama maji iko na matope, uchuje kwanza, juu matope inakula nguvu ya dawa."

Anarudia maneno yangu kwa mwenzake aliye nyuma, neno kwa neno. Sisi watu wa pembeni mwa Ziwa Kivu kipindupindu tunakijua kwa majina ya majirani, na swali la huyo mama nalipa uzito kuliko la profesa.

Saa mbili

Asistanti ametufungulia maabara kwa TP (kazi ya vitendo) ya mwisho: rangi ya Gram, njia ya kutofautisha bakteria kwa rangi, ile ambayo Mdenmark Hans Christian Gram aliitoa mwaka 1884. Violeti kwanza, kisha lugoli (maji ya iodini), kisha alkoholi, mwisho fuksini. Kila mtu anaijua orodha hiyo. Linalotofautisha alama ni sababu. Bakteria wa Gram chanya wana ukuta mnene wa peptidoglikani. Alkoholi inaukausha, na mchanganyiko wa violeti na lugoli unabaki umefungwa ndani. Wa Gram hasi wana ukuta mwembamba na utando wa nje wa mafuta. Alkoholi inauyeyusha utando huo na violeti inatoka, ndipo fuksini inapowapa rangi nyekundu.

Ukiyaelewa haya, swali la mtego halikusumbui. Ukiacha alkoholi muda mrefu mno, hata stafilokoki, ambao ni Gram chanya, watatoka wekundu. Ukisahau lugoli, violeti haitashikika vizuri na itaoshwa. Naweka tone la mafuta juu ya kioo, nageuza lenzi ya mara mia, na wale wa zambarau wanaonekana wamekusanyika kama kichala cha zabibu. Bado nafurahi kila ninapowaona.

Saa tano

Kikundi chetu kimepata auditwari tupu. Hapa ndipo nilipotaka tufike, na nimeomba tusiharakishe.

Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, ana makundi zaidi ya 200 ya seramu, lakini yanayoleta milipuko ni mawili, O1 na O139. Wengi wa vibrio wanaoishi majini hawana sumu ya kipindupindu kabisa. Basi hao wenye sumu waliipata wapi? Waliipata kwa kirusi. Jeni za sumu, ctxA na ctxB, zimebebwa na faji, yaani kirusi cha bakteria, anayeitwa CTX. Anaingia ndani ya vibrio, anajipachika kwenye kromosomu yake, na bakteria anaanza kutengeneza sumu ambayo si ya ukoo wake. Waldor na Mekalanos walilieleza hili mwaka 1996.

Mwenzetu anauliza faji anaingilia wapi. Swali zuri sana, kwa sababu mlango wake ni zile nywele nyembamba ziitwazo pili, ambazo vibrio anazihitaji ili akae ndani ya utumbo wa binadamu. Kile kinachomsaidia kutuvamia ndicho kinachomfungulia faji mlango.

Halafu sumu yenyewe: sehemu tano za B zinashika utando wa seli ya utumbo, sehemu moja ya A inaingia na kuisukuma seli itengeneze cAMP, kemikali ya ishara ndani ya seli, kupita kiasi. Kloridi inamwagika nje, maji yanaifuata, na mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Nimechora mnyororo wote ubaoni, kutoka faji hadi ndoo iliyo chini ya kitanda cha mgonjwa. Ukikata mahali popote na kusema "hapa mikrobiolojia inaisha", hadithi haieleweki.

Saa saba

Fufu, sombe na sambaza kwa mama anayepika karibu na lango. Hakuna aliyezungumzia masomo.

Saa nane

Mendel, mwanzilishi wa jenetiki, haraka. Njegere zake 556: 315 za njano za mviringo, 108 za kijani za mviringo, 101 za njano zenye mikunjo, 32 za kijani zenye mikunjo. Tunafanya khi mraba, kipimo cha kulinganisha hesabu na nadharia, dhidi ya uwiano wa 9:3:3:1 na inatoka 0.47, chini sana ya kikomo cha 7.815. Nadharia inasimama. Tunaendelea.

Saa kumi na moja jioni

Nyumbani, Yaya, dada yangu mkubwa, ananisubiri jikoni. Anaolewa mwaka huu, yeye ni AS, yaani amebeba jeni moja ya selimundu (S), na mchumba wake amepima naye ni AS. Amesikia mahali kwamba kwa watoto wanne mmoja tu ndiye atakuwa SS, yaani mgonjwa wa selimundu.

"Sasa kama wa kwanza anazaliwa SS, batatu benye kufwata biko salama?"

"Hapana, Yaya. Kila mimba inaanza upya. Kila mutoto iko na nafasi moja mu ine ya kuwa SS, hata kama wa kwanza alikuwa SS."

Nakaa naye na karatasi. Nafasi ya watoto watatu mfululizo kuepuka SS ni 3/4 mara 3/4 mara 3/4, yaani 27 kwa 64, asilimia 42 hivi. Namwonyesha pia chanzo: herufi moja ya DNA kwenye kromosomu ya 11, GAG imekuwa GTG, asidi ya glutamiki imeiachia valini nafasi katika himoglobini. Chaji moja hasi imepotea, ndiyo maana kwenye elektroforezi yake (kipimo kinachotenganisha himoglobini kwa umeme) mstari wa S ulichelewa nyuma ya A. Na namweleza kwa nini jeni hii haijapotea kwetu: mtu wa AS anakingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954. Anakunja karatasi na kusema ataisoma pamoja na mchumba wake kabla ya kuamua. Namwambia waende wote wawili kwa daktari, maana maamuzi kama haya hayafai kuchukuliwa kwa karatasi ya mwanafunzi.

Saa moja usiku

Umeme umeshuka, nasoma kwa taa ya chaji. Mpox. Mmoja wetu anatoka Kamituga, huko kwenye machimbo ya dhahabu ambako tawi la Ib la kirusi chake lilitambuliwa, kabla WHO haijatangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024. Kirusi hiki ni cha DNA, na kinapopita kutoka mtu hadi mtu, kimeng'enya chetu APOBEC3 kinaacha alama kwenye herufi zake: C inageuka T. Kwa kuzihesabu alama hizo watafiti walijua kwamba maambukizi yalikuwa yakienda kati ya watu wenyewe.

Saa tatu usiku

Kwenye kundi la WhatsApp nimetupa swali: ikiwa sumu ya kipindupindu bado imo utumboni, maji ya SRO (ya chumvi na sukari) yanasaidiaje? Majibu ya sauti yanaingia moja baada ya jingine. CP ndiye anayelipata: sumu haigusi njia inayoingiza sodiamu pamoja na glukozi, kwa hiyo sukari inavuta chumvi na chumvi inavuta maji. Anaongeza kipimo cha nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Halafu anaandika, "Sawa, nimekubali, tuzisome pamoja. Leta plasmidi," zile pete ndogo za DNA ambazo bakteria hupeana.