Nilivyonywesha wageni mia na ishirini bila tone la pombe

Sendofu ya mdogo wangu ilipokaribia nilikabidhiwa kamati ya vinywaji, na siku hiyohiyo ushauri ukaanza. Mwenyekiti wa kikao akaniambia, "Dada, usijisumbue. Agiza kreti kumi na tano za soda, ongeza maji, umemaliza." Iliniudhi, na bado inaniudhi. Tuko Dodoma! Zabibu zinavunwa Hombolo na Mpunguzi, mibuyu imesimama hadi kando ya lami, halafu mgeni afunge safari toka Kondoa aje anywe soda ileile aliyoiacha dukani kwao?

Pombe haikujadiliwa hata dakika moja. Familia zote mbili ni za walokole, na majirani zetu wengi ni Waislamu. Nikapunguza soda hadi kreti tisa, na hela iliyobaki ikatosha ndoo mbili kubwa za zabibu nyekundu, na ubuyu juu yake.

Jirani mmoja anayejisifu kwa juisi akanishauri nizikamue mapema, niziache siku mbili na maganda yake ili rangi ikolee. Jumatano nikaponda ndoo moja, nikafunika, nikaiweka stoo. Ijumaa alfajiri nafunua: maganda yamepanda juu yote, chini kunachemka bila moto, harufu inachoma pua. Nilionja kwa ncha ya ulimi, nikatema. Ilikuwa imeshakuwa pombe! Zabibu huja na hamira yake toka shambani, kwenye maganda. Ukiziponda na kuziacha kwenye joto, hamira inakula sukari na kukuachia kileo. Nilipofikiria kwamba ningeweza kuwawekea mashehe mezani kitu kile nikiwaapia ni juisi, mikono ilinitetemeka. Ndoo nzima niliimwaga chini ya mwembe, nikaenda kutafuta zabibu nyingine.

Safari hii nilifanya nilivyojua mwenyewe. Nilizichambua vikonyo, nikaziponda kwa mikono. Usithubutu kuzitia kwenye blenda, mbegu zikisagika juisi inakuwa chungu. Kisha sufuria kubwa kwenye mkaa wa taratibu, nakoroga, mpaka mvuke unapanda vizuri, na kabla haijatokota naipua. Moto ule unaua hamira, na ndio huohuo unaotoa rangi kwenye maganda. Ile rangi niliyoambiwa ningoje siku mbili niliipata kwa muda wa kupika wali! Nikachuja kwa shashi mara mbili. Sukari sikutia hata kijiko.

Ubuyu haukunisumbua. Nunua ule mweupe wenye mbegu zake, si wa rangi wa kumung'unya. Uloweke kwenye maji ya vuguvugu, usiuchemshe, usugue kwa mwiko, uchuje. Maji ya bomba ya mtaani kwetu yana chumvichumvi, kwa hiyo nilitumia ya kununua, na tofauti mtu anaisikia mdomoni.

Barafu ndiyo watu wengi wanaikosea. Wanapanga chupa juu ya mabonge makavu, saa mbili baadaye nusu bado zina joto. Mimi nilijaza pipa maji na barafu nusu kwa nusu, nikatia chumvi ya mawe viganja kadhaa. Maji yanaizunguka chupa yote, chumvi inayafanya yawe ya baridi zaidi, na soda zikawa tayari kabla MC hajamaliza kutambulisha wajomba.

Wageni walipokewa na ubuyu mlangoni, wazee kwanza, na kila kijana wa jagi nilimwambia akoroge kabla ya kumimina kwa sababu unga wake hutuama. Soda zikaja na pilau. Zabibu niliificha mpaka wakati wa kugonga glasi, pale wengine wanapofungua shampeni ya dukani. Nikaongeza maji ya soda kidogo ili ipande povu. Bibi yetu wa Mvumi akaishika glasi, akaninong'oneza, "Mjukuu wangu, hii si divai kweli?" Nikamjibu, "Bibi, nimeipika mwenyewe jana usiku." Akainywa yote, akanyoosha glasi tena.

Kreti nne za soda zilirudi dukani hazijaguswa. Dumu la mwisho la zabibu mwenyekiti wa kikao aliliomba mwenyewe, akaondoka nalo kwenye buti ya gari.