Namba ya Baba

Agosti 2021 nilirudi Tanga kukaa na baba wiki tatu. Alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia, baada ya miaka mingi ya kushika vitabu vya hesabu katika ofisi moja ya mjini. Siku ya kumuaga, wenzake walimkabidhi kompyuta mpakato ile ile aliyokuwa akiifanyia kazi. Akaileta nyumbani Ngamiani ndani ya mkoba wake mweusi, akaiweka juu ya kabati la vyombo. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na barua zake, picha za marehemu mama, na hesabu za msikiti alizokuwa akizishika bila malipo. Ila tangu ivuke kizingiti cha nyumba yetu, mtandaoni haikuwahi kuingia hata siku moja.

Mwaka mzima hakuna aliyeshughulika nayo. Safari hii haja ilikuwapo. Dada yangu anayeishi Hamburg, Ujerumani, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na Ijumaa ya wiki ile mtoto alikuwa anatimiza arobaini. Baba naye alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, anasubiri siku yake ya upasuaji. Kwenye kioo cha simu mjukuu alikuwa ukungu mtupu. "Sauti yake naijua," aliniambia, "ila sura sijaipata." Kioo cha kompyuta kilikuwa na inchi 15. Nikaongea na dada, tukapatana Ijumaa saa 3 usiku, kwao ikiwa saa 2.

Jumanne nikaishusha kabatini, nikaifuta vumbi, nikaiwasha. Ruta yetu ni ya laini ya simu, inakaa dirishani, na bando nilikuwa nimeliweka asubuhi ile. Jina la ruta likasoma. Nikaandika neno la siri, likakubali. Alama ya mawimbi ikajaa, na chini yake maneno yakatokea: imeunganishwa, hakuna intaneti. Simu yangu, kwenye ruta hiyo hiyo, ilikuwa inafungua kila kitu.

Nikafanya yale ambayo kila mtu huanza nayo. Nikazima ruta na kuiwasha. Nikaiambia kompyuta iusahau mtandao ule, nikauunganisha upya. Nikatazama tarehe na saa, kwa sababu kompyuta iliyopotea tarehe hukataliwa na tovuti nyingi. Tarehe ilikuwa sawa. Nikawasha hotispoti ya simu, maana pengine shida ni ruta. Ikashika, na maneno yakawa yale yale.

Jumatano nikaibeba hadi hoteli moja ya Raskazone yenye Wi-Fi ya wateja. Pale ukinunua chochote unapewa namba kwenye risiti, ukijiunga unatokea ukurasa wa kuiandika hiyo namba, ndipo njia inafunguka. Kwenye simu ukurasa ulikuja kabla chai haijafika mezani. Kwenye kompyuta haukuja kabisa. Nilikaa pale karibu saa nzima, bahari mbele yangu, nikitazama kidude kinavyozunguka juu ya ukurasa mweupe.

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa fundi. Aliitazama dakika tano, akasema kadi ya Wi-Fi imekufa: shilingi 60,000 pamoja na ufundi, na ikishindikana apige windo upya, yaani aweke upya mfumo mzima wa kompyuta. Nikamuuliza vitu vya mzee vitakuwaje. "Vinavyohamishika tutavihamishia kwenye flashi." Neno lile vinavyohamishika lilinikaa rohoni. Nikamshukuru, nikaifunga, nikarudi nayo nyumbani.

Njiani nilikuwa na swali moja. Kadi iliyokufa ingelionaje jina la mtandao? Ingelikubalije neno la siri? Hii ilikuwa imepiga hodi na kukaribishwa, mara tatu, katika nyumba tatu tofauti. Kukwama kwake kulikuwa ndani, baada ya mlango.

Usiku baada ya isha, baba akiwa kwenye kiti chake na tasbihi mkononi, nilifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika ipconfig, amri ya kuonyesha namba za mtandao za kompyuta. Ikaorodhesha mistari yake. Nikaweka simu kando ili nilinganishe. Simu ilikuwa imepewa anwani ya IP, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao, inayoanza na 192.168.8, na ruta yenyewe ni 192.168.8.1. Nikaanza kusoma ya kompyuta kwa sauti, kama nisomavyo nikitaka kitu kiniingie kichwani.

"Mia moja tisini na mbili, nukta, mia moja sitini na nane, nukta, kumi, nukta, hamsini na saba."

Tasbihi ikasimama.

"Hiyo namba yangu," baba akasema.

"Yako vipi, baba?"

"Ya kwangu. Hamsini na saba. Fungua mtoto wa meza, toa daftari la jalada jekundu."

Nikalitoa. Ukurasa wa ndani wa jalada ulikuwa na mistari minne kwa wino wa bluu, mwandiko wake ule ulionyooka kama umepigiwa rula, tarakimu na nukta zote zimekolezwa mara mbili. 192.168.10.57. Chini yake 255.255.255.0. Kisha 192.168.10.1, na wa mwisho 192.168.10.2. Pembeni ameandika mwaka, 2016. Alinieleza kwamba mwaka huo alikuja kijana wa mitambo, akampa kila mfanyakazi namba yake ili mashine ya kuchapa na ile kompyuta kubwa yenye hesabu zimtambue. Kijana akawaambia waziandike mahali. Nadhani ni baba peke yake aliyeziandika.

Hapo kila kitu kikaeleweka. Kwa kawaida kompyuta ikiingia kwenye mtandao huomba namba, na ruta humpa kila mgeni namba inayofanana na za nyumba hiyo. Utaratibu huo unaitwa DHCP. Kompyuta ya baba ilikuwa haiombi. Ilikuwa na namba yake iliyoandikwa kwa mkono, na kila ilipofika ilijitambulisha kwa namba hiyo, kisha ikaitafuta 192.168.10.1 iitoe nje. Ofisini mlango huo ulikuwapo. Nyumbani kwetu haupo, kwenye simu yangu haupo, na kule Raskazone haukuwapo, ndiyo maana hata ukurasa wa risiti haukuweza kuifikia. Na kule kusahau mtandao na kuunganisha upya kusingesaidia kamwe, kwa sababu kijana yule alikuwa ameziandika kwenye mipangilio ya kadi yenyewe, inayotembea nayo kila mtandao.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Alipenda sana kuelezwa kitu kwa utaratibu wake.

"Kwa hiyo mimi nimestaafu," akasema taratibu, "yenyewe bado iko kazini."

Nikafungua mipangilio ya kadi, nikaingia kwenye IPv4, sehemu ya anwani za aina hii, na namba zilikuwa pale kama zilivyo daftarini. Nikabonyeza ijitafutie anwani yenyewe. Nikaandika ipconfig tena: 192.168.8.5. Nilipiga kofi la furaha. Nikafungua tovuti ya habari, haikufunguka.

Moyo ulinishuka. Nikajaribu ping, amri ya kupima kama njia ipo, kwenda 8.8.8.8, namba ya seva ya Google, na majibu manne yakarudi bila kusita. Maana yake njia ipo, majina ndiyo hayafiki. Nikarudi kwenye dirisha lile lile nikatazama vizuri: lina sehemu mbili, na mimi nilikuwa nimebadilisha ya juu tu. Ya chini, ya DNS, yaani anayegeuza jina la tovuti kuwa namba, ilikuwa bado imeshika mstari wa nne wa daftari, 192.168.10.2. Kompyuta ilikuwa inauliza njia kwa mtu aliyebaki ofisini. Nikaibadilisha na hiyo, ijitafutie yenyewe. Maneno ya hakuna intaneti yakaondoka, na tovuti ikajaa kioo kizima.

Ijumaa mchana, baada ya swala, nilipita kwa fundi kumweleza. Alitoa karatasi, akaniomba nimwandikie ni wapi pa kubonyeza, kisha akaniambia kwamba ana kompyuta nyingine mbili kwenye kabati zilizotoka maofisini.

Saa 3 kasoro usiku baba alikuwa ameshavaa kanzu na kofia. Nilimwekea kompyuta juu ya stuli, nikamsogezea taa nyuma ya bega ili mwanga usimpige machoni. Dada akatokea. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, umetulia?" Kisha akamwinua mtoto mbele ya kamera, na kile kichwa kidogo kikajaa kioo chote, kikubwa kuliko kilivyo.

Baba aliinama mpaka pua yake ikabaki shubiri moja tu kutoka kwenye kioo. Hakusema kitu kwa muda. Mtoto alipiga miayo, mdomo ukafunguka wote, na baba naye akafungua mdomo bila kujijua.

"Mgeuze kidogo," akasema. "Nione sikio."

Dada akamgeuza. Sikio la mtoto lilikuwa limekunjika kidogo juu, pale pembeni, kama jani lililoanza kukauka.

"La mama yenu," baba akasema. Akapeleka kidole, akakifuatisha ule mkunjo juu ya kioo, taratibu, mpaka ulipoishia. "Mwache hivyo hivyo. Usimgeuze tena."